Mringaringa wa Mangi

Vijana wangu wa jikoni, na wewe mama wa stoo, na hata walimu kama mtapenda kusoma. Mliponiaga mlinipa kiti cha plastiki na blanketi, mkasema, "Mzee, sasa kapumzike." Nimepumzika. Nimekaa kwenye kiti, nimejifunika blanketi, na sasa nimechoka kupumzika, ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, lisukumeni kidogo mpite.

Habari za mshahara siandiki. Ulikuja ulipokuja, ukaondoka siku hiyohiyo. Naandika habari za ule mringaringa mkubwa juu ya jiko, tunaouita Bibi, kwa sababu siku ya kuniaga mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, mbona miti mingine yote pale ni ya shule, halafu huu mnasema ni wa Mangi?" Nilikuwa na keki mdomoni. Nilimjibu kwa mkono tu, kwamba ngoja. Sasa msingoje tena, maana jambo hili litawafika ninyi Januari, na mimi sitakuwepo jikoni.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa, vitu vikarudi madukani na pesa ikatoka mifukoni. Kabla ya hapo tulikuwa na pesa kidogo ya kahawa lakini hakuna sabuni ya kununua. Halafu sabuni ikaja ya kila rangi, na bei ya kahawa ikaanguka. Wazee wetu huku Meru waling'oa mikahawa wakiwa wamenuna kama watu wanaozika, wakapanda nyanya. Sasa shule yetu, mnavyoijua, ilijengwa na wazazi kwa hiyohiyo kahawa: juu ya barabara ya kwenda Momela, migomba chini, msitu juu, na mlima umesimama nyuma kama mtu anayechungulia jikoni. Kahawa ilipoanguka, shule ilibaki na kuta nzuri na mambo mengi ambayo hayajamalizika.

Siku ya kwanza nilifika kwenye ukungu, nimevaa viatu vya kaka yangu ambavyo vilikuwa vikubwa, nikawa natembea kama bata. Jikoni nilimkuta Mzee Kaaya. Ninyi hamkumwona. Alikuwa mfupi, mzee wa kanisa la Kilutheri, na ndiye aliyekuwa mnadi wa kanisa, yule anayeuza sadaka za ndizi na mayai pale nje baada ya ibada. Sauti yake ilikuwa inafika mto wa pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kupika?"

"Najua."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Mama yako alikuwa na watoto wangapi?"

"Saba."

"Basi hujui kupika. Unajua kulisha nyumba. Kaa hapo uchambue maharage."

Nikachambua. Nilipomaliza nikataka kuyabandika jikoni, akanishika mkono. Akanionyesha mapipa mawili yamejaa maji, na ndani yake maharage na mahindi ya makande ya siku hiyo, yamelala humo tangu jana yake, yamevimba kama vidole vya mfuaji nguo. Akasema, "Sikia wewe. Maharage makavu ukiyaweka motoni yanakula kuni kuliko watoto wanavyokula maharage. Unaloweka leo, unapika kesho. Siku nikikukuta umebandika maharage makavu nitakupeleka kwa Mwalimu Mkuu nikasema umeiba kuni." Hakuwa anatania. Kuni zetu zilikuwa matawi ya mikahawa iliyong'olewa na migrevilea ya mipakani, na alikuwa anazipanga kama mtu anayepanga Biblia. Miaka yote niliyofanya kazi naye nilimwona akimpikia maharage makavu mtu mmoja tu. Siku alipoanza ndiyo ninayoielekea, ila nitapitia kwingine kwanza.

Nitapitia kwenye sahani. Soko lilipofunguka walikuja watu na mabegi, kila mmoja anaiuzia shule kitu. Mmoja alileta sahani za plastiki, za kijani na nyekundu, nzuri, nyepesi, bei karibu na bure. Mhasibu akazipenda. Mzee Kaaya akachukua moja, akaikunja, ikalia *ka*. Akasema, "Hii itamaliza muhula, halafu itakaa shambani kwetu mpaka Yesu arudi." Tukanunua sahani za bati zilezile, za bei kubwa, tukazinunua kidogokidogo. Wanafunzi wa mwaka ule walikula kwa zamu, wakatutukana sana. Lakini hizo sahani mnazotumia leo, zenye madoa meusi ukingoni, ndizo hizohizo. Zile za kijani alizinunua jirani yetu mwenye hoteli ya chai, na vipande vyake bado navikuta nikilima.

Mwingine alikuwa mtu wa bia. Huyu alikuja na gari safi, akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba kampuni yao iko tayari kupaka shule nzima rangi, bure, ila ukuta ule unaotazama barabara wachore chupa. Chupa kubwa. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Mama Lyimo, Mchaga wa Machame, mwembamba, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai, akamwambia, "Baba, mtoto akiuliza njia ya kuja shuleni, sitaki aambiwe apite penye chupa." Yule bwana akanywa chai yake akaenda. Rangi hatukupaka, na kuta zilibaki zimechunika miaka mingi. Namwandika Mama Lyimo hivi ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana baadaye alifanya jambo ambalo bila kumjua mtadhani alikuwa mkaidi.

Basi. Tatizo lililokuwa linamnyima Mama Lyimo usingizi lilikuwa bweni la wasichana. Kuta zilikuwa zimesimama, paa hakuna, mvua imeotesha majani ndani mpaka mbuzi wakawa wanaingia kula. Wasichana wanaotoka mbali walipanga vyumba kule chini barabarani, wanaita gheto, wanajipikia wenyewe, wanarudi huko jioni peke yao. Na kule chini ndiko wanakolala madereva wa malori ya nyanya. Sina haja ya kueleza. Mwaka mmoja tulipoteza wasichana watatu, na mmoja wao alikuwa wa kwanza darasani. Mama yake alikuja kurudisha vitabu vya shule. Alivifuta kwa kanga kabla hajaviweka mezani. Mama Lyimo alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akapita jikoni kwetu, akasimama kwenye moshi. Mzee Kaaya alimpa kigoda. Akasema, "Mzee, nikipata paa, sitaomba kitu kingine tena."

Ndipo akaja Mangi. Jina lake alikuwa nalo, lakini huku kila Mchaga mwenye duka tunamwita Mangi, na huyu alikuwa na uwanja wa mbao mjini. Sombetini, hukohuko mjini, wakati ule ilikuwa inaota nyumba kama uyoga, watu wanajenga wenyewe, chumba kimoja kimoja, na nadhani nusu ya mapaa kule yalisimama juu ya mbao zake. Mtu wa Rombo, Mkatoliki, mnene, koti la kijivu kila siku hata jua likiwaka. Alikuja kuuliza bei ya nyanya, akainua macho, akaiona miringaringa ya shule pale penye chemchemi. Nyanya akazisahau.

Mbao ya mringaringa mnaijua. Kabati la mringaringa unamwachia mjukuu. Mangi akamwambia Mama Lyimo, "Mwalimu, nipe hiyo miti yote tisa. Mimi nakupa mbao za saiprasi za kupandwa, nakupa bati, nakupa misumari, na fundi juu. Kabla mvua haijaja wasichana wako wamelala ndani."

"Ile miti iko kwenye maji," Mama Lyimo akasema.

"Maji yako chini, mwalimu. Mimi nachukua juu."

Nisije nikamsema vibaya Mangi. Hakudanganya mtu. Alitaka miti, akataja alichokuwa nacho. Lakini chemchemi ile ndiyo inayoanzisha mfereji, na mfereji ndio unaonywesha jiko letu, halafu migomba ya kijiji kizima mpaka barabarani. Mifereji yetu ina wazee wake tangu zamani, na sheria yao ya kwanza ni kwamba penye jicho la maji hapapandi shoka. Miti mingine minane ilikuwa pembeni pembeni. Bibi ndiye aliyekaa juu ya jicho lenyewe, mizizi imelishika kama mtu aliyeshika kikombe. Mwenyekiti wa mfereji aliposikia habari za Mangi alikuja na fimbo, akasema hapana. Mama Lyimo akamuuliza, "Na paa, mzee? Wazee wa mfereji mnalo?" Hawakuwa nalo. Miaka ya kahawa wangekuwa nalo.

Ukaitwa mkutano wa wazazi, siku ya Jumamosi. Mama Lyimo alisema wazi: tutafanya mnada kama wa kanisani, kila mtu alete alichonacho. Kikitosha paa, miti inabaki. Kisipotosha, Mangi anachukua miti. Na Mangi mwenyewe alialikwa aje asikie kwa masikio yake. Alikaa mbele, na koti lake.

Sasa kwa wale waliozaliwa mjini, nieleze mnada wa kwetu. Mtu analeta kuku. Mnadi anamnadi. Mwalimu ananunua, lakini hamchukui, anasema, "Namrudisha!" Kuku anauzwa tena kwa mwingine, naye anarudisha, hivyo hivyo mpaka watu wachoke, na wa mwisho ndiye anaondoka na kuku. Au harudishi mtu wa kwanza, anamchukua akampike, na hiyo pia ni haki yake, hakuna atakayemnung'unikia. Kila mtu huku anajua hivyo. Siku ile tulijisahau.

Mzee Kaaya alinadi akiwa na mwiko wake mkubwa wa jikoni, na mfuniko wa sufuria kama kengele. Bei ikifika anapiga *ngwaa!* Iliuzwa mikungu ya ndizi, maziwa ya mgando, madebe ya mahindi, mbuzi mmoja aliyekuwa anakohoa. Mke wangu, Mama Neema, alitoa jogoo. Mwalimu wa hesabu akamnunua, akamrudisha. Mangi akamnunua, akamrudisha, watu wakampigia makofi. Mchungaji akamnunua, akamrudisha. Jogoo yule alishikwa na mikono mingi mpaka akakata tamaa, akafumba macho.

Jua lilipoinama vitu vikawa vimekwisha. Mama Lyimo akamnong'oneza Mzee Kaaya, na wote tulimwona mzee anashusha mwiko. Pesa haikufika hata nusu ya paa. Mangi akajikohoza, kama mtu anayejiandaa kusimama.

Hapo Mama Neema, ambaye Mungu alimnyima vitu vingi lakini mdomo alimpa, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee Kaaya! Jogoo wangu umemuuza mpaka kanyonyoka. Mbona miti hujainadi?"

Watu wakacheka.

"Msicheke! Si inauzwa? Basi inadiwe hapa. Tununue sisi, turudishe sisi. Mti unajua kusimama kuliko jogoo!"

Mzee Kaaya akamtazama Mama Lyimo. Mama Lyimo akaitazama miti, akamtazama Mangi. Akasema, "Nadi."

Wa kwanza ulinunuliwa na akina mama wanaofua kwenye mfereji, walichanga palepale, wakafungua pindo za kanga. "Tunaurudisha!" Vigelegele. Wa pili ukoo wa mwenyekiti wa mfereji. Watatu walimu. Mmoja wanafunzi wenyewe, kwa ahadi ya kuuza mboga za shamba lao. Watu waliokuwa wamekwisha kutoa wakatoa tena, mmoja akavua saa. Nimeona minada mingi, lakini sijaona tena watu wakinunua kitu ambacho kilikuwa chao, wakakirudisha, wakafurahi namna ile.

Ukabaki Bibi. Mzee Kaaya akaunyooshea mwiko. "Jamani, huyu ndiye mwenye maji. Nani?"

Mwenyekiti wa mfereji akasimama. "Mtamba wangu mmoja."

Makofi. Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kwa Mmeru si jambo la kuchezea. Mzee Kaaya akainua mwiko. "Mtamba! Mara ya kwanza..."

Mangi akainua mkono.

"Paa lote lililobaki," akasema. "Mbao na bati na misumari. Mlipopungukiwa, namalizia mimi."

Tulipiga makofi jamani! Mama mmoja alianza kulia. Tulimwona kama malaika aliyevaa koti. Mzee Kaaya akatangaza mara ya kwanza, mara ya pili, hakuna aliyeweza kupanda juu ya hapo, akapiga mfuniko, *ngwaa!* "Mti wa Mangi!"

Tukasubiri aseme lile neno. Mangi akafunga kifungo cha koti.

"Mbe, unasemaje?" Mzee Kaaya akamuuliza, kwa heshima ya Kichaga.

"Nasema aika, asanteni. Nimenunua."

"Na..."

"Na nini? Mimi ni mtu wa mbao, mzee. Mlidhani nanunua kivuli?"

Mama Neema alifunga mdomo, mara ya kwanza tangu tuoane.

Jioni ile wazee wa mfereji walibaki jikoni kwetu, wamekasirika mpaka hawakutaka chai. Mwenyekiti akasema, "Akija na msumeno atatukuta tumekaa kwenye shina. Atukate sisi kwanza."

Mama Lyimo akasema, "Hapana, mzee."

"Hapana nini?"

"Tumemuuzia hadharani. Wazazi wote wapo, mchungaji yupo. Angekuwa ametuibia ningekaa kwenye shina mimi mwenyewe. Lakini tumemuuzia. Tukila bati lake halafu tukamnyima mti, mwakani nani atanunua hata yai kwenye mnada wetu? Na wale akina mama waliofungua pindo za kanga, watajiuliza waliwarudishia miti watu wa namna gani."

"Na maji?"

"Maji nayajua," akasema. Akachukua mkoba wake akatoka. Mwenyekiti akasema huyu mama ni mkaidi wa Kimachame. Mzee Kaaya aliendelea kuparura ukoko.

Mangi alileta bati kabla ya kuchukua mti, na hilo nalo mliandike. Bweni likaezekwa, mbuzi wakafukuzwa. Halafu wiki ileile ambayo wasichana walikuwa wanahamia, asubuhi, tukasikia lori linapanda. Juu yake wapasuaji mbao wawili na msumeno mrefu, ule wa watu wawili. Mangi akashuka. Mama Lyimo akatoka ofisini, amenyooka kama askari, akamsalimia, akamwonyesha njia ya kwenda kwenye mti wake. Hakumwomba kitu. Wazee wa mfereji walikuwa wamesimama ng'ambo, mikono nyuma, na hakuna aliyevuka.

Mzee Kaaya akatoka jikoni anafuta mikono. "Mangi! Umetuletea paa, halafu ufanye kazi na njaa kwetu? Watu waseme shule ya Meru haina chakula? Kaeni kwanza. Mti hautembei."

Mangi akawatazama wapasuaji, wale wapasuaji wakatazama jiko. Walikuwa wametoka mjini na giza. "Haya," akasema. "Tule upesi."

Mzee Kaaya akarudi ndani akaniambia, "Bandika makande."

Nikaenda kwenye mapipa. Akaniita. "Siyo hayo. Hayo ni ya watoto. Fungua gunia."

"Mzee, ya kwenye gunia hayajalowekwa."

"Najua."

"Yatachukua siku nzima!"

Akainama kuchochea moto. Nikafungua gunia.

Basi tulipika. Mangi alikaa kwenye shina la Bibi kwa sababu jua lilikuwa kali na kivuli kingine karibu na jiko hakuna. Wapasuaji walilala. Kila baada ya muda anauliza, "Mzee, bado?" na Mzee Kaaya anajibu, "Yanachemka vizuri." Na njia ya kutoka barabarani kwenda bwenini inapita palepale, mbele ya miguu yake. Wasichana wakaanza kupanda, magodoro kichwani, masanduku, ndoo, sufuria zao za gheto. "Shikamoo!" "Marahaba." "Shikamoo!" "Marahaba." Mangi alijibu shikamoo mpaka akawa anajibu kwa kichwa. Wengine hawakujua ni nani, wakadhani ni mlinzi mpya. Mmoja akatua mzigo wake miguuni pake akasema, "Babu niangalizie, nakuja." Mangi akauangalia. Baadaye yule msichana akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Akanywa yote.

"Maji ya baridi. Mnayatoa wapi?"

"Hapo ulipokalia," msichana akasema, akabeba mzigo wake.

Makande yaliiva ukungu ukiwa umeshaanza kuteremka. Kuiva ni maneno ya heshima. Tulimpakulia. Akatia kijiko mdomoni, akatafuna. Ilisikika.

"Mzee Kaaya."

"Naam."

"Maharage haya hayakulowekwa."

"Hayakulowekwa."

"Mtu wa jikoni kama wewe?"

"Mgeni hakutuma taarifa."

Mangi akaendelea kutafuna, taratibu. "Mama yangu alikuwa anauza kuni," akasema. "Najua maharage makavu yanakula kuni ngapi. Umechoma mzigo mzima kunichelewesha."

"Ni mzigo mdogo kuliko Bibi," Mzee Kaaya akamjibu.

Nilidhani atarusha sahani. Alitazama juu, kwenye bati lake jipya, na wasichana walikuwa wanabishana ndani nani alale karibu na dirisha. Akamaliza sahani yote, na yale magumu. Akawaamsha wapasuaji. "Pandisheni msumeno. Ukungu huu mtakatana miguu." Halafu akamgeukia mzee. "Mti bado ni wangu."

"Ni wako kabisa."

"Nakuja mwakani."

Na mwakani akaja, siku ya mnada. Msumeno haukuwepo. Akasema umepelekwa kunolewa. Akala makande, tukampikia yaleyale makavu, akatafuna, akasema mwakani. Ikawa hivyo kila mwaka. Alikuwa anauzunguka mti wake, anaupapasa, na akikuta tawi limekatwa anakuja jikoni amefura: "Nani kakata tawi langu? Mmeniomba?" Ikabidi hata tawi likianguka lenyewe tumpelekee salamu mjini. Miti yetu minane tuliikatia matawi, tukaifungia mbuzi, tukapigilia misumari ya kamba za nguo. Bibi hakuna aliyemgusa, alikuwa mali ya mtu.

Mama Lyimo alihamishwa, na siku ya kuondoka alimkumbatia Mzee Kaaya mbele za watu, jambo ambalo mzee alilisimulia mpaka mwisho wa maisha yake. Mzee alipochoka aliniachia mwiko. Hakunipa maelezo marefu. Alisema, "Ya watoto loweka. Ya Mangi usiloweke." Nimefuata hivyo. Kuna mwaka nilimhurumia Mangi, meno yalikuwa yamebaki machache, nikamlowekea. Alionja akaweka kijiko chini. "Mnataka nikate, siyo?" Nikaenda nikafungua gunia.

Mangi amefariki, mnajua, ilikuwa kabla kidogo ya mimi kustaafu. Yule mama mwenye suti mliyemwona getini wiki yangu ya mwisho ni binti yake. Alipanda mpaka kwenye mti, akaukumbatia kupima unene, mikono haikukutana.

"Shikamoo baba. Huu ndio mti wa mzee wetu?"

"Marahaba mwanangu. Ndio."

"Alituambia tuna mti Meru. Hakutuambia tuufanye nini. Kaka zangu wanasema uuzwe, mbao zake siku hizi..." Akaupapasa. "Tutapita wote Januari, tukitoka Rombo kwenye Krismasi. Tuamue papa hapa."

"Karibuni," nikamwambia. "Ni wenu."

Na ni wao. Msibishane nao. Wazee wa mfereji wakija na fimbo waambieni Mama Lyimo alishakataa. Waonyesheni njia, waacheni wakae kwenye shina, kivuli kingine karibu na jiko hakuna. Wasichana watakuwa wanarudi bwenini wiki hiyo, wapitisheni njia ileile na mizigo yao.

Najua mna jiko la gesi sasa, na ile sufuria yenu ya kufunga inayopiga mluzi. Siku hiyo izimeni. Washeni mafiga, kwa moto mdogo. Maharage yako kwenye gunia la pembeni, nililifunga kwa kamba nyekundu. Msiyaloweke.